Maziwa ya kupima, ya pakiti, ya boksi au bongo: mjamzito achukue yapi?

Mdogo wangu yuko Busia, mimba ya miezi minne, ya kwanza. Juzi alinipigia akiwa amesimama dukani, kelele za boda nyuma yake nazisikia kabisa. "Dada, hapa kuna ya kupima, kuna ya pakiti, kuna ya boksi, na huyu mama ana bongo, yale ya kugandisha. Mkunga ameniambia ninywe maziwa, hakusema yapi. Nichukue gani?" Nikamwambia siku hiyo achukue ya pakiti, jioni tutaongea. Jioni tukaongea mpaka salio likakatika na bado sijamaliza. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyakumbuka baadaye nikiosha vyombo.

Nianze na kinachofanana, maana ndicho watu wanachobishania bure. Glasi moja ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe inakupa kalsiamu kama miligramu 300 na protini gramu 8 hivi, yawe yametoka kwenye mkebe wa boda au kwenye boksi la supamaketi. Mjamzito mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku. Binti ambaye hajafika miaka 19 anahitaji 1,300, kwa kuwa mifupa yake mwenyewe bado inajengwa na sasa kuna mgeni anayechota humo humo. Kwa hiyo anayekuambia ya boksi "yameuawa nguvu", au kwamba ya kuchemsha "yamebaki maji meupe", anakupotosha. Kalsiamu haiungui. Moto unapunguza vitamini chache, kama C na baadhi za kundi B, ila sijaona mtu anayenunua maziwa akitafuta vitamini C wakati mapera yameanguka chini ya mti.

Kinachotofautisha ni moto ulioyapitia, aliyeyapitisha kwenye huo moto, na mahali yalipolala baadaye. Ukiyajua hayo matatu, umeshajua uchukue yapi.

Ya kupima

Duka la maziwa hapa Kampala unalijua kwa tangi la chuma linalonguruma na foleni ya watoto wenye majagi jioni. Muuzaji anafunua, anachota kwa kopo lenye mkono mrefu, anamimina kwenye jagi lako au kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, anakaza fundo. Mengi yanatoka upande wa Mbarara na Kiruhura kwa lori la tangi; mengine yanaletwa alfajiri kwa boda kutoka vijiji vya karibu. Kwa bei hakuna kinachoyashinda. Kama nyumbani mko sita na mnataka maziwa kila siku, hesabu itakurudisha hapa upende usipende.

Nilipohamia Nansana nilikaa karibu mwaka nikidhani yale yameshachemshwa. Yana baridi, yako kwenye tangi linalong'aa, muuzaji kavaa koti jeupe: nani angewaza vinginevyo? Nilipomuuliza alicheka. "Mama, haya ni mabichi. Kazi ya tangi ni kuyapoza tu." Na kupoza hakuui kitu. Kuna kijidudu kinaitwa listeria ambacho hata kwenye friji kinaendelea kuzaana, polepole, bila kubadilisha harufu wala ladha. Mtu mzima mwenye afya kinaweza kumpitia bila yeye kujua. Mjamzito yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukipata, kama mara 10 ya watu wengine, na ubaya wake ni kwamba mama anaweza kuhisi homa ndogo tu na uchovu, kumbe kimeshavuka kwenda kwa mtoto. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa hana uhai. Dalili zenyewe zinaweza kuja wiki nyingi baada ya kunywa, hata siku 70, kwa hiyo hakuna atakayekumbuka ile glasi.

Mwingine ni brusela. Huyu kwa Uganda si hadithi ya kitabuni. Kila familia yenye ng'ombe ina mtu aliyeugua. Shemeji yangu alitibiwa malaria mara tatu mfululizo: homa inapanda jioni, asubuhi imeshuka, jasho, viungo vinauma kama kapigwa. Kipimo cha damu kilipofanywa ndipo ikajulikana, na dawa zake zilikuwa za wiki sita. Mjamzito akiipata, mimba nayo inaingia hatarini, na dawa za kumpa zinapungua kwa sababu baadhi hazimfai mtoto tumboni. Sijataja kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho nacho kinapita kwenye maziwa mabichi.

Yote hayo moto unayamaliza. Kwa hiyo ukichukua ya kupima, umechukua na kazi ya kuchemsha, na kazi hiyo ina namna yake. Sufuria safi, moto wa wastani, koroga mpaka chini yasishike. Yatakapoanza kupanda usiseme tayari. Maziwa hupanda kwa sababu mvuke umenaswa chini ya utando, na pale juu yanaweza kuwa yanapanda huku katikati hayajachemka sawasawa. Punguza moto, yashuke, yaache yabubujike kama dakika moja hivi huku unakoroga. Wengine wananiuliza kuhusu milimani, kwa kuwa ukiwa juu maji huchemka kwa joto la chini. Ni kweli. Kampala tuko kwenye mita kama 1,200 na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi; Kabale ni kama 93. Lakini viwandani huua vijidudu hivyo kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, kwa hiyo hata wa Kabale ana akiba ya kutosha akibubujisha vizuri.

Kisha watu huharibu mwishoni. Wanayaacha sufuriani wazi mpaka usiku, au wanayarudisha kwenye jagi lile lile lililobeba mabichi bila kuliosha. Hapo umechemsha bure. Mimi huweka sufuria kwenye beseni la maji baridi, nafunika, nabadilisha maji mara moja, halafu yanaingia friji. Kama huna friji, chemsha ya kunywa leo tu, na yakilala, asubuhi yachemshe tena kabla ya kuyagusa.

Siku moja yaligeuka jikoni kabisa. Nilinunua mahali nisipopazoea, mvua imenizuia kufika kwa wangu. Yalipopata moto tu yakakatika, maji upande wake na mabonge upande wake. Nilikasirika, nikarudi, muuzaji akaniambia sufuria yangu ilikuwa chafu. Haikuwa chafu. Maziwa yanayokatika kwenye moto yameshaanza kuchacha, kumaanisha yalikaa muda mrefu bila baridi kabla hayajanifikia. Tangu hapo muuzaji mpya namjaribu kwa nusu lita, nachemsha, ndipo namwamini. Kuhusu kuongezwa maji, ukimkuta mwenye laktomita, ile kama kipimajoto kinachoelea, muombe apime mbele yako. Maziwa yaliyotiwa maji hukizamisha zaidi. Asiyetaka kupima amekujibu. Tazama na chombo pia. Mamlaka ya maziwa, DDA, imekuwa ikiwakataza wachuuzi kubeba maziwa kwenye majerikeni ya plastiki na kuwataka watumie mikebe ya alumini au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ndani ya jerikeni huwezi kuingiza mkono ukasugua. Jerikeni la njano likipita na boda, liache lipite.

Ya kwa wakwe

Haya nayatenga, kwa sababu humo heshima imechanganyika na kiu.

Kwa mume wangu ni Kiruhura, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu. Mgeni akifika, kinachotangulia ni maziwa, tena kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti kilichofukizwa moshi wa nyasi mpaka maziwa yanatoa harufu tamu ambayo hakuna boksi litakaloiiga. Nilifika na mimba ya miezi sita. Mama mkwe akaniletea. Baba mkwe, ambaye Kiswahili chake alikipata jeshini, akawa mkalimani: "Kunywa, mama. Hii maziwa iko safi kabisa. Ngombe ni yangu mwenyewe."

Na hakudanganya, ng'ombe ni wake na boma ni safi. Tatizo ni kwamba ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima, anang'aa, anakula. Moshi wa ekyanzi nao hupunguza vijidudu vinavyochachusha, ndiyo maana maziwa hayaharibiki upesi humo, lakini hauwezi kufanya kazi ya kuchemsha. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikasema, "Mama, huyu mjukuu wako ananipa kiungulia, ananikubalia ya moto tu." Wakacheka, msichana akayapeleka jikoni, nikaletewa yanayofuka. Hakuna aliyenuna. Kumbe hata wao siku hizi ya watoto wanayachemsha. Mabichi wanabaki nayo wazee kwa mazoea. Nimewafundisha sentensi hiyo wanawake wengine walioolewa kwenye ukoo huu na inafanya kazi mpaka leo.

Mambo ya ekyanzi yana ndugu yake, eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli unaoliwa kwenye sherehe. Ni mtamu, nami naupenda, lakini ni mafuta, na kalsiamu yake ni kidogo sana. Kama samli yenyewe imetokana na maziwa mabichi, ungoje ujifungue. Na mwenye mbuzi asijione yuko salama kwa kuwa maziwa ya mbuzi yanasifiwa ni dawa: kalsiamu yake inalingana na ya ng'ombe, lakini brusela ya mbuzi ni kali kuliko ya ng'ombe. Nayo yachemshwe vile vile.

Ya pakiti na ya boksi

Hapa watu hulinganisha kwa ladha na kwa bei, lakini kinachofaa kulinganishwa ni umeme wa nyumbani kwako.

Ya pakiti ya kawaida, yale ya baridi kwenye friji la duka, yamepitishwa kwenye zile nyuzi 72 kwa sekunde 15 kisha yakapozwa haraka. Vijidudu vya kutisha vimekufa, ila vile vinavyochachusha vimebaki vichache, ndiyo maana yanadai baridi wakati wote. Kama mnyororo wa baridi haukukatika, unakata pembe, unamimina, unakunywa. Hayahitaji kuchemshwa. Ladha yake kwangu ndiyo ya karibu zaidi na maziwa ya nyumbani.

Tatizo ni huo mnyororo. Maduka mengi ya mtaani huzima friji usiku kubana bili, asubuhi wanawasha, pakiti inakutazama ikiwa na jasho la baridi kama kawaida. Pakiti iliyovimba usiichukue hata ukipewa bure. Yenye uvuguvugu, iache. Ukishakuwa na shaka, chemsha. Hakuna dhambi kuchemsha ya pakiti, na mjamzito hana haja ya kuonyesha ujasiri.

Ya boksi, au UHT, yamepandishwa zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache na kufungiwa kwenye chombo kisicho na kijidudu hata kimoja. Yanakaa kabatini miezi bila friji. Angalia hapa: UHT haiji kwenye boksi peke yake, kuna pakiti laini pia zilizoandikwa UHT, kwa hiyo soma maandishi, usiende kwa umbo. Yana ladha kidogo ya kuungua, kama maziwa yaliyosahaulika jikoni dakika mbili, na wengine miezi mitatu ya kwanza wakinusa tu wanakimbilia nje. Bei iko juu. Lakini kwa anayekaa chumba kimoja, hana friji, anatoka kazini saa mbili usiku, mimi namwambia achukue haya, tena boksi dogo la kumalizwa siku hiyo hiyo. Likishafunguliwa, ule ujanja wa miezi umekwisha. Limekuwa maziwa kama mengine, friji siku mbili tatu tu. Nimeona watu wanaacha boksi la lita limefunguliwa juu ya meza tangu Jumatatu kwa sababu "limeandikwa mwezi wa kumi". Mwezi wa kumi ni wa lililofungwa.

Bongo na yogati

Mtanzania ukimwambia umekunywa bongo atakutazama mara mbili, lakini kwetu Uganda ndiyo maziwa ya kugandisha, yale mazito yanayokwenda na kalo, ule ugali wa ulezi, au viazi. Kwa mjamzito yana faida moja kubwa ambayo mengine hayana. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima tumbo halisagi vizuri sukari ya maziwa: unakunywa glasi, saa moja baadaye tumbo limejaa gesi na linanguruma. Kwenye maziwa yaliyoganda, bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo kabla hujaifikia. Kalsiamu imebaki pale pale. Kama uliacha maziwa kwa sababu ya tumbo, jaribu nusu kikombe cha bongo pamoja na chakula kabla hujasema maziwa hayakupendi.

Swali la kumuuliza mama anayeuza ni moja tu: uligandisha baada ya kuchemsha, au yalijigandia mabichi? Uchachu unazuia vijidudu vingi, lakini si wa kuutegemea kwa brusela, kifua kikuu au listeria. Wapo wanaochemsha, wanapoza, kisha wanatia kijiko cha bongo ya jana kama mbegu. Wapo wanaoacha tu mkebe ukae. Kwa macho huwezi kutofautisha. Usipopata jibu la kueleweka, chukua ya kiwandani, au tengeneza mwenyewe: chemsha lita, yapoe mpaka kidole kinavumilia, tia vijiko viwili vya bongo ya kiwandani au yogati isiyo na sukari, funika kwa kitambaa na mfuniko, kesho yameshika. Ndiyo bei rahisi kuliko yogati yoyote ya dukani.

Yogati za dukani zenyewe tatizo lake ni sukari. Ile ya pinki ya stroberi ni tamu kama soda, na ukiambiwa kliniki sukari yako imepanda kwa ajili ya mimba, ndiyo ya kwanza kuiacha. Ya kawaida isiyo na ladha ni nzuri, ukate ndizi ndogo juu yake.

Ya unga, ya soya, na mikebe yenye picha ya tumbo

Ya unga sina ugomvi nayo. Gramu 30 hivi, vijiko vitatu vinne vya chakula, kwenye maji yaliyochemshwa, na umepata glasi. Ila soma kopo: kuna "unga wa maziwa" na kuna mchanganyiko wa maziwa yaliyotolewa mafuta yake kisha yakatiwa mafuta ya mimea, si sumu, lakini usilipie bei ya kile cha kwanza. Mikebe ya wajawazito yenye picha ya mama anayetabasamu ni maziwa ya unga yaliyoongezwa foliki asidi, madini ya chuma na sukari. Vidonge vya kliniki vinakupa hiyo foliki na hicho chuma, na kwenye vituo vya serikali ni bure.

Soya ya kusaga nyumbani ina protini nzuri, ila kalsiamu yake ni ndogo, robo ya ya ng'ombe au hata chini, isipokuwa kama ni ya dukani iliyoandikwa imeongezwa. Rangi nyeupe isikudanganye.

Na ambaye maziwa ya aina yoyote yanamrudi? Mukene. Ni wale dagaa wadogo, wanaliwa na mifupa yao, na mifupa ndiyo kalsiamu yenyewe. Kausha, saga, tia kwenye mchuzi wa karanga. Sukuma wiki ni nzuri kuliko dodo, yaani mchicha, kwa jambo hili, kwa sababu dodo ina kalsiamu nyingi lakini pia ina kitu kinachoishikilia usiipate yote. Simsim, yaani ufuta, pia. Na mwambie mkunga wako waziwazi kwamba hunywi maziwa, usione haya: Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wa sehemu ambazo chakula hakina kalsiamu ya kutosha wapewe vidonge vyake, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa kuwa vinapunguza ile presha ya mimba inayoweza kuishia kifafa.

Chai, na kosa la saa

Hili ndilo nililomkemea mdogo wangu, na nilikuwa nalifanya mwenyewe mimba ya kwanza. Kliniki wanatoa vidonge vya madini ya chuma. Asubuhi unaamka, unatengeneza chai ya maziwa yenye tangawizi, unameza kidonge kwa chai hiyo. Umefanya mambo mawili mazuri yakauana. Kalsiamu ya maziwa inazuia chuma kisiingie mwilini, na majani ya chai yanazuia zaidi. Ukihamia chai mukalu, ile kavu isiyo na maziwa, umeondoa kizuizi kimoja tu. Kidonge kimeze kwa maji au juisi ya chungwa, acha saa mbili, ndipo chai yako. Au fanya kama mimi: chai na maziwa mchana, kidonge usiku wakati wa kulala, hata kichefuchefu kinapungua.

Kwa sababu hiyo hiyo usigeuze maziwa kuwa chakula. Kuna mama jirani alikuwa anakunywa lita na nusu kwa siku, "mtoto awe na mifupa", na maharagwe hayataki, nyama haitaki, kila kitu kinamtapisha. Kliniki wakamkuta damu imeshuka. Maziwa yana chuma kidogo mno na yanashibisha. Glasi mbili, tatu kwa siku zinatosha, nafasi inayobaki ni ya maharagwe, mukene, maini mara moja moja kwa kiasi, mboga. Na huku tukiwa hapo, emumbwa ile ya udongo inayouzwa sokoni na kusifiwa kulainisha nyonga: udongo nao unaweza kushikilia chuma tumboni, achilia mbali usichojua kilichomo ndani yake.

Glasi ya maziwa baridi usiku inatuliza kiungulia kwa muda, wengine nusu saa baadaye kinarudi kikali zaidi. Jaribu mara moja ujijue. Na wale wanaosema maziwa yanamfanya mtoto azaliwe na utando mweupe mwilini, utando ule kila mtoto anaumbwa nao, wa mnywaji na wa asiyekunywa.

Sasa uchukue yapi

Mwenye friji, gesi na mtu wa nyumbani anayeaminika na sufuria, achukue ya kupima kutoka duka moja alilolijaribu. Pesa inayobaki inunue mayai. Mwenye friji lakini hana muda wala hana uhakika nani atachemsha, ya pakiti, kutoka duka linaloacha friji likiwaka usiku. Asiye na friji, UHT ndogo ndogo. Mwenye tumbo korofi, bongo ya kugandisha mwenyewe. Anayesafiri kwenda kwa wakwe, ile sentensi ya kiungulia. Na aliyekunywa mabichi wiki iliyopita kabla hajasoma haya asife moyo wala asingoje: akihisi homa, hata ndogo, aende kliniki na aseme kwa kinywa chake "nilikunywa maziwa mabichi", kwa kuwa asiposema watapima malaria wamrudishe nyumbani.

Mdogo wangu amechagua ya kupima. Wana friji, na mumewe anarudi mapema kuliko yeye. Jana alinitumia picha ya sufuria, utando mnene wa manjano juu yake, akauliza kama anaweza kuutupa. Nikamjibu akiutupa nitapanda basi la usiku nije Busia, maana mimi ule nauparuza kwa kijiko, natia sukari kidogo, nakula nimesimama kabla watoto hawajaniona.